Mistari ya Makala

Saa kumi na moja, kabla Cimpunda haijaanza kukohoa,
kidonge cha kwanza. Nusu saa nzima, ndipo maharagwe.
Nimeandika ukutani, juu ya kitanda,
maana kidonge na maharagwe hawapatani tumboni
na mama ndiye anayelipa ugomvi wao.

Mkono wa kulia unatetemeka
kama mfuniko wa sufuria ya sombe.
Wa kushoto umelala tangu ile Jumapili ya kiharusi,
haujauliza ni saa ngapi.
Mmoja haunyamazi, mwingine hausemi,
nami katikati yao, mtoto wa nne,
niliyerudi kutoka Kamituga na suruali mbili
na dhahabu isiyotosha kununua kiti cha magurudumu.

(Kiti chenyewe kingefanya nini hapa?
Njia yetu ni ngazi za matope.
Mvua ikipita, hata mbuzi hufikiri mara mbili.)

Majirani walisema: karuho.
Wakamtaja hadi mwenye sumu, mama wa nyumba ya pili,
aliyetukopesha chumvi miaka ishirini.

Daktari hakuanza na mkono. Aliomba daftari.
Mama aliuza makala Nyamugo, akaandika kila deni:
M'Ntaboba, nusu gunia. Mama Riziki, ndoo tatu.
Mwanzoni herufi zimekaa kama wauzaji sokoni,
nene, zimenyoosha miguu.
Kurasa zikifunuka zinasinyaa,
zinakuwa siafu, zinakuwa chembe za sukari,
mpaka deni la mwisho, ambalo sitalidai kamwe
kwa sababu siwezi kulisoma.
Ugonjwa ulikuwa ukiandika humo miaka sita
kabla hatujaupa jina.

Kumwogesha, hilo sikufundishwa.
Dada zangu wako Uvira na Kampala, wanatuma sauti.
Siku ya kwanza nilifumba macho
nikammwagia maji sikioni.
Akacheka kwa upande mmoja wa uso, ule uliobaki,
akasema, kila neno likiburuta mguu:
"Murhula, fumbua macho. Nilikuogesha mimi,
wala sikuona ajabu yoyote."
Sasa nafunga kitenge kuliko wake wa kaka zangu.

Ila mlango.
Akifika kizingitini miguu inashika sakafu
kana kwamba imekumbuka kitu. Si mbele, si nyuma.
Zamani nilimvuta. Siku ya Pasaka tulianguka wote wawili,
tukalala pale tukitazama mabati, tukiwa hatuna haraka.
Siku hizi nachora mistari kwa makala juu ya saruji,
upana wa hatua yake, kutoka kitandani mpaka barazani,
avuke kila mmoja kama mfereji.

Kuna asubuhi mistari inatosha.
Kuna asubuhi lazima nipige makofi, ule mpigo
wa enzi ya Zaire, walipowachezesha uwanjani
juani, wakingoja mkubwa ambaye ndege yake ilichelewa.
Aliuchukia. Aliniambia mara mia:
tulicheza na njaa, tulitabasamu kwa amri.
Lakini goti halina siasa.
Nikipiga, linaitika,
na mama, kakunja uso kwa hasira,
anavuka mlango akicheza.

Barazani, kati ya mapaa mawili,
kuna kipande cha ziwa, kidogo kama leso.
Hakitazami. Anasikiliza wapita njia.
"Gunia la makala leo bei gani?"
Namtajia.
"Wezi," anasema,
na neno hilo linatoka zima, halichechemei.

Usiku, baada ya kidonge cha nne, namfuta miguu.
Nyayo zimerudi kuwa nyeusi
kama zile alizotuletea jioni kutoka Nyamugo,
tulipokuwa tukigombania nani amchotee maji.
Wakati ule hatukumaliza kugombana, akajichotea mwenyewe.

Kesho mistari itakuwa imefutika nusu. Nitachora tena.
Nyayo nazipangusa tu.
Sizisugui sana.