Tupa

Barua sitini na mbili niliandika kiangazi kile.
Hamsini hazikujibiwa,
kumi na moja zilisema tunasikitika,
moja ilisema njoo Jumanne, vaa viatu vigumu.

Karakana ya Odenthal iko kwenye mteremko, Remscheid,
ambako mvua hainyeshi bali inakaa,
kama mgeni asiyeiona saa ukutani.
Sikuja na cheti cha kutisha:
hesabu nzuri, Kijerumani cha wastani,
na jina, Ilknur, ambalo katibu alilitamka mara tatu,
kila mara akilikunja upande mwingine.

Baba aliusoma mkataba kwa kidole.
"Miaka mitatu na nusu," akasema,
"siku tatu kwao, siku mbili shuleni.
Wakulipe huku wakikufunza?
Nani humlipa mtu asiyejua?"
Miaka ishirini amepakia vyuma usiku,
hakuna aliyemwita kando akamwonyesha hiki hukatwa hivi.
Alitaka niwe wakili.
Akatia saini mahali pa mzazi, polepole,
kama anayenisindikiza mbali.

Siku ya kwanza nilipewa kipande cha chuma,
kidogo kuliko mche wa sabuni uliotumika,
jiliwa la kukibania,
na tupa.
"Sawazisha," alisema Odenthal, akaenda zake.

Mashine zilikuwepo, zenye vioo na taa za kijani,
zingekimaliza kabla sijapiga chafya.
Mimi nilisukuma tupa wiki ya kwanza, ya pili,
malengelenge yakatumbuka, yakawa ngozi nyingine.
Daftari langu la wiki, ambalo sharti alitie saini, lilisema:
Jumatatu, kupiga tupa. Jumanne, kupiga tupa.
Jumatano na Alhamisi, shule: pembe, vipimo, haki za mwanagenzi.
Ijumaa, kupiga tupa. Kufagia.

Kila jioni alikuja na rula yake ya ukingo mwembamba,
akaisimamisha juu ya kazi yangu,
akaziinua zote mbili kuelekea dirishani.
Palipopenya mwanga, pana kosa.
Hakufoka. Alisema tu, "Unaona?"
Niliona: uzi mweupe, mwembamba kuliko unywele,
ukinicheka.

Wiki ya sita Torben, niliyeanza naye siku moja,
aliilaza tupa yake mezani, akachukua koti.
Ghala la vifurushi linalipa mara mbili, alisema,
tena linalipa sasa.
Sikuwa na jibu. Hata leo sina lote.
Nilijua tu kwamba mkono wangu umeanza kusikia
jambo ambalo jicho halijaambiwa:
chuma kinapokwaruza, kinapoteleza,
mwili unavyohamisha uzito
toka kisigino hadi kidole gumba;
kwamba tupa, kila inapopita, hutupa kidogo,
na kinachobaki ndicho kazi.

"Ukiijua kwa mkono," Odenthal alisema siku moja, bila kuulizwa,
"mashine ikikosea utaisikia."
Hiyo ndiyo hotuba yake yote ya mwaka ule.

Mshahara wa kwanza, nilichokichuma kwenye chuma,
haukutosha kodi ya chumba.
Nilimnunulia Baba soksi za sufu,
nami nikajinunulia rula.

Desemba nikaruhusiwa kukipeleka kipande nyumbani.
Baba alinawa mikono kwanza, kama anayesubiri mkate.
Akapitisha gumba. Akakigeuza. Akakinusa.
"Kinaenda wapi hiki?"
"Hakiendi popote. Ni cha kujifunzia."
Akanyamaza, mtu ambaye kila alichowahi kukishika
kilikuwa na gari likikingoja.

Kisha akaomba rula,
akaisimamisha nilivyomwonyesha,
akaviinua kwenye taa ya jikoni,
akafumba jicho moja.

"Ilknur," akasema, "hapa kwenye pembe
mwanga unapita."

Nikatazama. Ulikuwa unapita.
Odenthal hakuuona, au aliuona akaniachia.

Jumatatu, niliandika, kupiga tupa.