Kiwiko cha Chuma

Uzito wangu ni kilo arobaini na sita, viatu vikiwemo.
Nalitaja hili mapema kwa sababu kila mteja
anayeinama kuingia kibandani kwetu Isevya
hutazama mtambo, hunitazama mimi,
kisha huuliza, "Fundi yuko wapi?"

Fundi ni mimi. Fundi wa kwanza yuko nyuma ya pazia,
mjomba Misigalo, mkono wa kushoto umelala pajani
kama mgeni asiyesema ataondoka lini.

Leo ni muhuri wa chama cha tumbaku.
Neno moja tu, wametaka herufi nene: IMELIPWA.
Nazipanga herufi za risasi, zote zimenipa kisogo,
nazifunga kwenye fremu, nazigonga kwa nyundo ya mti zilale sawa.
Juu yake kadibodi ya kalibu, imepakwa poda isigande.
Chini, mkaa.

Neno lazima ligeuke na kugeuka ndipo linyooke:
risasi inalisema kinyume, kalibu inalisema sawa,
mpira unalisema kinyume tena,
na karatasi, mwisho wa yote, inaliamini.

Sasa wenzo.
Kidato cha pili mwalimu wa fizikia aliuchora ubaoni:
jitihada, egemeo, mzigo, mishale ya chaki,
akatuambia tuandike: unachokipata kwa nguvu
utakilipa kwa mwendo.
Niliandika. Sikujua kuwa ni deni.

Mpini wa mtambo huu ulikuwa mfupi, wa saizi ya mjomba.
Aliuvuta kwa pumzi moja na bega
la mtu aliyepakia magunia stesheni miaka tisa.
Nilipoachiwa, nikaning'inia pale kama shati lililosahaulika kambani,
kalibu ikatoka na mikwaruzo, nusu neno.
Nikaenda kwa wachomeleaji wa Gongoni, nikanunua bomba
la pampu ya kisima iliyokufa, mita moja na robo,
nikauvika mpini.
Sasa navuta nikirudi nyuma, hatua nne,
mgongo unatangulia kutoka mlangoni,
na wapita njia huusalimia: "Mwangaluka!"

Lakini siri haiko kwenye bomba.
Ndani ya mtambo kuna vyuma viwili vilivyoungana kwa pini.
Mjomba hukiita kiwiko.
Kikiwa kimekunjwa, bamba hushuka haraka, jepesi, halina maana.
Kadiri kinavyonyooka ndivyo bamba linavyosita,
ndivyo linavyozidi uzito,
hadi pale, unywele mmoja kabla ya kunyooka kabisa,
ambapo karibu hakuna kinachosogea
na herufi ndipo zinaingia.
Si kabla.

Kila jioni, kama alivyotuelekeza muuguzi wa Kitete,
naushika mkono wa mjomba, kifundoni na juu ya kiwiko,
naunyoosha polepole nikihesabu hadi ishirini.
Tunafika mahali. Panabaki upana wa vidole viwili.
Anasema, "Acha. Mimi usinitie bomba."
Tunacheka, yeye kwa nusu ya mdomo.

Dakika kumi zimekwisha. Nabandua kalibu,
naweka mpira mbichi, nafunga, navuta tena,
harufu ya mpira unaoiva inafukuza kuku wa jirani.
Nakata, nabandika kwenye kishikio cha mninga,
nagonga wino, nagonga karatasi:
IMELIPWA. Kila mguu wa herufi umesimama.

Katibu wa chama anaugeuzageuza, anautia mfukoni.
Namuuliza kama wale wakulima wa Sikonge
wameshapata fedha za msimu uliopita.
"Tunajiandaa," anasema. "Ndiyo maana tumeanza na muhuri."
Ananiachia nusu ya bei, iliyobaki kesho kutwa.

Nyuma ya pazia kiti kinalia.
Mjomba anajaribu peke yake.
Sichungulii. Nafuta wino vidoleni
na kuhesabu naye kimoyomoyo,
kumi na sita, kumi na saba,