Daftari la Vipimo

Kiuno ishirini na tisa. Bega kumi na saba.
Niliandika kwa penseli, mwaka mvua ilipobomoa ukuta wa jirani
hapa mtaa wa Kissy, Freetown.
Mwalimu wa hesabu kutoka Kenema, Lahai Gbondo,
amekumbatia kitambaa alichonunuliwa na mamake
kwa fedha za mawese.
Ya ufundi hakuwa nayo. Tukapatana magunia mawili ya mchele.
Alileta moja.

Kwa koti lile alisimama bandarini
makuli walipogoma na askari kuelekeza bunduki,
yeye peke yake mbele, mikono juu, akihesabu kwa sauti
kama yuko darasani: moja, mbili, tatu,
mpaka kamanda akacheka na vidole vikalegea.
Nilikuwepo. Hilo msilifute.

Kiuno thelathini na tatu: mbunge.
Thelathini na sita: waziri wa barabara
(ya kwetu iliishia kwenye daraja lisilo na mto).
Jumanne akahama chama.
Jumatano akaja na koti lilelile la bluu:
"Pa Santigie, kitambaa kiache. Geuza bitana."
Nikageuza. Njano ikatoka nje iking'aa
kana kwamba siku zote ilikuwa inangoja zamu.

Kiuno arobaini na mbili. Makamu wa Rais.
Sasa fundi ndiye anayefuatwa na gari.
Nilimpima juu ya zulia, magoti yangu yakazama.
Akataka mifuko ya ndani miwili, kisha minne,
mirefu, mkono uzame hadi kiwiko.
Sikuuliza. Cherehani haina mdomo, ina sindano.

Mwaka huo mabati ya hospitali ya wazazi
yalipotea kati ya bandari na ankara.
Isatu, binti wa dada yangu, alijifungua
chini ya mwavuli ulioshikwa na mfagizi.
Mtoto yu hai. Ana kikohozi.
Wapo wanaoapa hakugusa hata msumari,
kwamba wakubwa zake walimtupia mzoga mlangoni.
Wapo waliohesabu maghorofa yake.
Mimi nilihesabu mifuko.

Alifukuzwa kwa redio, katikati ya matokeo ya mpira.
Walinzi wakaondoka, wakabeba na viti.
Siku ya tisa akabisha mlango wa uani, usiku,
viatu mkononi.
Nikamzungushia utepe: thirathini, na moja juu yake.
Uliobaki ukaning'inia hadi sakafuni.
"Koti moja," akasema. "Jeusi."
Mifuko?
Akatikisa kichwa.
Bitana rangi gani?
Jenereta la jirani likakohoa, likazimika.
"Wewe unaonaje?"

Miaka yote namshonea, hajapata kuniuliza.
Nikawasha mshumaa, nikafunua daftari ukurasa wa kwanza,
nikamwonyesha penseli ilipofifia.
Akasoma kwa kidole.
Moja, akasema. Akanyamaza.