Bado Anasoma

Baba alinong'ona maisha yake yote.
Hata alipogomba alinong'ona,
nasi tuliuogopa mnong'ono ule
kuliko wenzetu walivyouogopa mkanda.

Miaka thelathini na minane katika maktaba ya Kemijärvi,
mji ambao Desemba jua huwa habari ya kusikia tu.
Saa mbili asubuhi, gizani, alikung'uta theluji viatuni,
akawasha taa moja moja,
na wazee waliokuwa wakingoja mlangoni
wakaingia kusoma magazeti na kuanika soksi
juu ya mabomba ya joto.
Aliwaacha. Mkaguzi alipouliza, Baba alimjibu:
"Soksi hazipigi kelele."

Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita,
Veikko bado yumo kwenye nepi.
Baba alijifunza kusuka nywele kutoka kitabuni,
akanifunga kwa mipira ya kufungia kadi.
Jioni, nikiifungua, nywele ziling'oka nayo.
Sikumwambia.
Picha ya shule ya mwaka ule ipo:
msuko mmoja juu, mmoja chini,
kama rafu iliyong'oka msumari,
nami nacheka.

Jikoni tulipanga vitu kwa alfabeti.
Kwa Kifini sukari hutangulia chumvi
na kahawa huzitangulia zote mbili,
na hilo, alisema, si jambo la alfabeti peke yake.

Nilipoanza kutoka usiku na kijana wa kiwanda cha karatasi
alinigonga muhuri mgongoni mwa mkono:
tarehe ya leo, wino wa zambarau.
Nilirudi kesho yake, saa sita na dakika kumi za usiku.
Alikuwa kitini, amevaa koti na viatu,
funguo za gari kiganjani, usingizi umemchukua.
Nikaosha vyombo juma zima. Ndiyo ilikuwa faini.

Usidhani namsifu malaika.
Kukumbatia hakukujua.
Aliposhindwa la kusema alikuletea kitabu.
Nilipoachika aliniletea cha ufugaji wa nyuki,
akakiweka mezani, akaenda kupasua kuni.
Nilimnunia miezi miwili.
Kisha nikakisoma.

Baada ya maziko tulifungua dawati lake.
Kopo la biskuti, na ndani yake
vitu alivyovikuta katikati ya kurasa
akavitunza hadi wenyewe watakapovirudia:
tiketi ya treni, mwiba wa samaki,
kipande cha mkate kilichoumwa mara moja,
barua ya mapenzi ambayo hakuisoma.
Veikko anasema lazima aliisoma.
Mimi nilimjua vizuri zaidi.

Na chini ya kopo, daftari la madeni.
Dawa ya deni ni kulipa, hilo alilijua,
lakini wakata miti waliondoka na vitabu kambini
na misitu ikawameza.
Kanuni ilimtaka aandike: kimepotea.
Yeye, kwa penseli, mwaka hadi mwaka,
kando ya kila jina aliandika: bado anasoma.
Eino Saastamoinen, tangu 1971, bado anasoma.
Mjane Hilkka Törmänen, hata alipopofuka,
bado anasoma.

Jana simu ililia.
Msichana wa maktaba, mgeni mjini, sauti juu
(siku hizi hawanong'oni):
kuna kitabu kwa jina la Tauno Kivelä,
kimepitisha siku kumi na tisa.

Ninajua kilipo. Kitandani pake, kifudifudi,
ukurasa wa mia na kumi na mbili,
miwani juu ya mgongo wake.
Nimetandika chumba kile mara tatu
nikizunguka kitanda.

Nilikuwa na sentensi tayari, fupi, ya adabu,
niliyokwisha kuwaambia watu wa benki na wa umeme.
Haikutoka.
Nikajisikia nikinong'ona:
"Bado anasoma."

Kimya. Halafu vidole vyake kwenye kibodi.
"Sawa," akasema. "Nimeongeza mwezi mmoja."