Nyeusi Isiyong'aa

Bampa lilikuwa jeusi siku niliyolinunua gari.
Jua la Nkuhungu likalilamba miaka kumi na mmoja
likaliacha na rangi ya kiwiko kisichojua mafuta.
Na zile plastiki za milangoni, na vitasa,
na masikio yake mawili ya vioo,
vyote vimepauka, vimepiga utando
kama midomo ya mtu aliyeshinda akiomba kazi.

Barabara ya Saba, dukani kwa Mwaluko,
kopo moja la kupuliza, elfu kumi na mbili.
"Ipi, bosi? Inayong'aa au isiyong'aa?"
Nikaduwaa kama niliyeulizwa umri wa mkwe.
Isiyong'aa, nikasema.
Gari la mwaka tisini na nane
liking'aa kupita kiasi, watu huuliza bei.

Kazi haikuanza na rangi. Ilianza na Omo
na mswaki wa zamani wa Sechelela,
nikichokonoa vumbi la kila safari:
wekundu wa Kondoa, weupe wa Bahi,
na kokwa moja ya zabibu, sijui iliingiaje,
imekaa kwenye grili kama jino la mtoto.
Kisha msasa na maji, shwa, shwa,
mpaka ncha za vidole zikawa laini
kama za mwizi.

Nikalivika gari magazeti.
Mlango wa kushoto ukasoma matokeo ya mpira,
boneti ikasoma tangazo la mnada wa nyumba.
Jirani yangu Chedego akachungulia ukutani:
"Mnalizika?"
"Tunalipaka wanja."

Mkono wa kwanza niliupuliza saa tisa alasiri.
Mimi, mzaliwa wa Dodoma, nikasahau upepo!
Wa Julai, usio na hodi.
Ukashuka toka Kisasa na kila ulichookota njiani,
vumbi, makapi ya mtama, unyoya wa kuku,
ukavitandaza juu ya rangi mbichi
kwa utulivu, kama anayenyunyizia andazi sukari.
Nikakaa juu ya tairi la akiba.
Sikutukana.
Nilitukana kidogo.

Msasa tena.

Saa kumi na moja alfajiri, upepo ungali usingizini,
mwanangu Mlewa ameshika tochi, meno yanagongana.
Nikatikisa kopo. Kigololi cha ndani, tiki tiki tiki,
kikamwamsha jogoo wa Chedego kabla ya muadhini.
Shibiri moja na nusu, nikamwambia,
usisogee, usisimame,
mkono upite kama hauna shida na mtu.
"Baba, mbona haionekani?"
Tabaka la kwanza halionekani, mwanangu.
Ukililazimisha lionekane, linatiririka.
Akanyamaza. Akapuliza kitasa cha nyuma peke yake,
na kikatiririka, chozi moja jeusi,
nami nikajifanya naangalia tairi.

Jua lilipofika ukutani tukabandua magazeti.
Sechelela alitoka na kikombe, akasahau kunywa.
Weusi mtulivu, wa sufuria iliyopikia harusi nyingi.
Injini ni ile ile, ikipanda kilima inakohoa,
kiti cha dereva kingali na sponji nje,
lakini uso, jamani, uso!

Kopo lilibaki na pumzi kidogo.
Mke wangu akaleta bawaba za geti.
Mimi nikaleta viatu vyangu vya kazini.

Jumatatu, Mji wa Serikali, Mtumba.
Mlinzi, yule anayenielekeza kila siku
nyuma ya kantini, mbali na mashangingi meupe,
akalizunguka gari, akainama, akagusa bampa kwa kidole.
"Umebadilisha gari, mtu wa masijala?"
"Hapana."
Akanitazama hadi miguuni. Akaona na viatu.
Akacheka mpaka kofia ikamtoka,
kisha akaninyooshea mkono pale pale pa siku zote,
nyuma ya kantini.

Nikaenda. Sikuwa na haraka.
Niliegesha kinyumenyume,
bampa la mbele likitazama watu.