Jaribu Kitasa Kwanza

Nambari ilibandikwa kwenye nguzo ya stima,
chini ya tangazo la mganga:
FUNDI KUFULI, USIKU NA MCHANA, MIA TANO TU.
Mie natoka harusini Kibokoni, saa sita za usiku,
sinia ya pilau kichwani imefunikwa leso,
na mlango wangu wa Tudor, ghorofa ya pili, umegoma.
Ufunguo waingia, wazunguka, mlango haubanduki.
Mvua ya masika ilikuwa siku yake ya tisa.

Alikuja upesi, hilo simnyimi.
Kijana nadhifu, Feruzi, au ndivyo alivyojiita,
na mkoba wa zana mpya mno, bado zanukia duka.
Aliniita mama mara saba. Nilihesabu baadaye,
nilipokuwa nahesabu kila kitu.
"Mama, kufuli hii ya Kijerumani. Haifunguki hii, huvunjwa."
Kekee ikalia hadi jirani, Bwana Mselem, akachungulia,
vumbi la shaba likanyunyiza pilau.

Kisha ile mia tano ikazaa:
ya usiku, ya mvua, ya ngazi, ya kufuli mpya,
ya mwenzake wa pikipiki aliyengoja chini, injini yanguruma.
Elfu kumi na moja.
Ngazi hazina taa, na yeye ana kekee.
Nikatuma kwa simu, kidole chatetemeka.
Akaokota mnofu siniani, upande usio vumbi.
"Pole, mama."

Funguo alinipa mbili. Kufuli mpya huja na tatu.
Hilo nililijua siku ya kumi na sita,
niliporudi sokoni nikaukuta mlango umefungwa vizuri, kama nilivyouacha,
na cherehani haipo.
Kituoni wakaniuliza: hakuna kilichovunjwa,
sasa ufunguo ulimpa nani?
Nikaandikiwa nambari kwenye kikaratasi.
Nambari nyingine tena.

Zuwena Lali alinicheka, ila si kwa ubaya.
Ni fundi wa kufuli, Mwembe Kuku;
leseni yake ya kaunti kaitia fremu
pale ambapo wengine hutundika picha ya baba.
"Mie nikiitwa," akasema, "kwanza naomba kitambulisho. Watu hununa.
Pili namuuliza jirani: huyu akaa hapa? Hununa zaidi.
Tatu naweka mkono kwenye kitasa.
Mwizi hana habari na kitasa."

Basi tukamwita.
Alhamisi mchana, kwa Bwana Mselem,
mlango umerudishwa tu, mtoto angeusukuma kwa goti.
Mselem kasimama nje na kikoi chake, ajifanya mjinga,
kazi anayoiweza.
Sisi juu kwenye vidato: Zuwena, mie,
na ofisa wa leseni, kikohozi chake kakibana kwa leso.
Feruzi akaugonga mlango kwa kidole, kama daktari apimaye kifua.
"Mzee, hii ya Kijerumani."
Kekee ikaanza.
Zuwena akavua viatu, akashuka polepole,
akampita ubavuni, akakishika kitasa,
mlango ukafunguka.

Kelele ilivyokatika! Hata pikipiki kule chini ilikuwa imeshaondoka.

Tumebandua matangazo tangu Makupa,
nguzo kwa nguzo, visu vya jikoni na maji moto.
Kucha zangu zina gundi hadi leo.
Jana nimeona mapya, nambari nyingine, bei mia nne.
Kisu ki mkobani.

Lakini nilimuuliza Zuwena, nikijua sitaki jibu:
na wangu, usiku ule?
"Ufunguo ulizunguka?"
Ulizunguka.
Akanyamaza, tupa yaenda na kurudi juu ya meno ya ufunguo wa mtu.
"Mbao hunywa maji," akasema. "Masika milango huvimba."

Kwa hiyo nilisimama nje ya mlango usiofungwa,
na sinia kichwani, nikipigia simu mwizi.
Mlango ulitaka bega tu.
Bega ninalo.