Kabla ya Kuteremka Riat

Ilianza kama inzi. Kisha kama kisu juu ya sahani ya bati.
Kila nilipokanyaga breki penye matuta ya Chavakali
gurudumu la mbele, kushoto, lilisaga meno,
na watoto wa shule wakageuka kunitazama
kana kwamba ni mimi niliyepiga ukelele.

Fundi Lugalia hata hakuinama.
Alisikiliza, akafuta mikono, akataja elfu sita na mia tano.
"Hiyo ni bei ya jirani."
Nikahesabu kimoyomoyo: gunia la mbolea na chenji ya kurudi.
Pedi zenyewe nilizipata Kibuye kwa elfu moja na mia nane,
nne ndani ya boksi jekundu,
zimelaliana kama vipande vya sukari guru.

"Rahisi ni ghali," alisema Endeshi,
akaendelea kupepeta wimbi.

Jumamosi. Mbale hatuna ukame wa mawe:
nikachagua mawili, nikayakaza nyuma ya tairi za nyuma.
Nati hulegezwa gari likiwa bado chini.
Hilo nililijua baada ya kuinua jeki,
tairi likizunguka nami kama mlevi arusini.
Nikashusha. Nikaanza upya.
Nati tatu zikatii. Ya nne ilikuwa na deni nami la zamani;
nikapanda juu ya spana kwa miguu yote miwili,
nikarukaruka, mtu mzima, mbele ya kuku.

Minayo alishika kikombe cha nati kifuani
asiruhusu hata moja kupumua.

Kalipa nikaitundika kwa waya wa kuanikia nguo,
isining'inie kwa mpira wake
kama mtoto anayevutwa sikio.
Na pedi ya zamani ikaanguka kiganjani mwangu:
upande mmoja chuma kitupu,
upande wa pili uji mkavu, mwembamba kama ukucha.
Hiki ndicho kilichokuwa kati yangu na lori la miwa
kila asubuhi.
Nilikaa chini kidogo. Sikumwambia mtoto kwa nini.

Pistoni ilikataa kurudi.
Nikaazima jiriwa ya Imbuga seremala, bado inanuka gundi.
Robo mzunguko, ngoja. Robo, ngoja.
"Baba, mafuta yanapanda!" Minayo, kichwa ndani ya boneti.
Nikayanyonya kwa kitambaa, nikaendelea:
robo, ngoja,
hadi ikaingia nyumbani kwake bila shukrani.

Upande wa kwanza ulikula saa tatu.
Wa pili, dakika ishirini, na mluzi.

Msiniulize niliokoa ngapi.
Spana mpya, mia tisa. Grisi, mia mbili.
Soda ya Imbuga, maana jiriwa haiazimwi kwa mdomo mtupu.
Shati, ambalo Endeshi analihesabu peke yake.

Gari chini, mawe bado mahali pake, nikakanyaga.
Pedali ikazama mpaka sakafuni,
kama ngazi ya mwisho gizani, ile isiyokuwepo,
na moyo ukaifuata.
Nikapampu. Mara tano. Mara tisa.
Ya kumi ikasimama chini ya kiatu, ngumu,
kama ardhi.

Nilizunguka shule mara nne kabla ya kuthubutu barabara.

Jumatatu tukateremka Riat.
Ziwa lilikuwa kule chini, jeupe; sikulitazama.
Endeshi kando yangu, mkoba mapajani,
hasemi lolote kuhusu rahisi wala ghali,
ila mguu wake wa kulia ulikanyaga zulia
mahali pasipo na pedali,
kila kona.
Na kila kona gari likapunguza mwendo, kimya,
nami sikumwambia
ni nani kati yetu aliyekuwa akilisimamisha.